Msonyo Kutoka Tuta la Maua

Msonyo wa kwanza Lurline Tate aliusikia saa nne asubuhi, jua limeshashika, yeye kapiga magoti kwenye udongo na futi ya kupimia mkononi. Ulikuwa msonyo mrefu, wa kuvuta, wa mtu aliyekukagua kuanzia utosini hadi unyayoni asione cha maana. Akageuka. Uani hapakuwa na mtu. Mumewe, Cleophus, alikuwa jikoni anaosha vyombo, anasikika akiimba wimbo wa kanisani. Kwa jirani yao, Bi Mozell, kiti cha barazani kilikuwa kitupu.

"Watu wa huku, jamani," Lurline akasema, akaendelea kupima.

Hakujiuliza zaidi, kwa sababu Lurline alikuwa mtu wa kusonya, si wa kusonywa. Alikuwa amekaa Chicago miaka thelathini na sita, yeye karani wa shule, mumewe dereva wa basi, na sasa wamestaafu wakarudi Tallow Creek, Alabama, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu mama yake Cleophus, Bi Arzula. Siku ya pili tu baada ya kufika aliitembea Barabara ya Sanders mwanzo hadi mwisho, daftari la kuchorea kwapani, akizikagua bustani zetu. Aliona matairi yaliyopakwa rangi nyeupe na kupandwa petunia. Aliona beseni la kuogea la zamani la Mzee Otha, limejaa maua ya zinia hadi yanamwagika. Aliona nyua zetu zilizofagiliwa mpaka udongo unang'aa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja yai akakuta limeoza.

"Cleophus!" tulimsikia mtaa mzima. "Hawa watu wanapanda maua kwenye matairi! Matairi ya gari!"

"Yakichanua yanapendeza, mpenzi," Cleophus akamjibu.

Ndivyo alivyokuwa Cleophus. Miaka yote hiyo alikula mkate wa mahindi ulioungua chini akasema mtamu, akavaa masweta yasiyomtosha akasema yanamkaa vizuri. Mtu mrefu, mpole, shemasi, na hakuna aliyewahi kumsikia akikitia kitu kasoro tangu alipokuwa mtoto wa miguu mitupu kwenye barabara hiihii. Mkewe alimdharau kidogo kwa upole huo, na asingeweza kuishi wiki moja bila huo upole.

Alichokitaka Lurline kilikuwa kimoja, nacho ni Siku ya Bustani. Kila mwezi wa sita, mabibi wa Chama cha Bustani huvaa kofia pana na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakitazama maua, upande wao wa reli, wa watu weupe. Upande wetu hawakuwahi kufika, ila zamani walipokuwa wakitafuta wapishi. Lurline aliwaandikia barua akaambatisha mchoro wa rangi: tuta moja kubwa la maua, limepinda kama nyoka mvivu, marefu nyuma, mafupi mbele, ya zambarau yakiishia kwenye rangi ya machungwa, na lote lionekane kutoka dirisha la jikoni. Mchoro, tuseme ukweli, ulikuwa mzuri. Mwenyekiti wao, Bi Hathaway, akajibu kwamba watakuja saa sita mchana. Lurline akaibandika barua ile kwenye friji, na kila aliyeingia kuomba hata kijiko cha sukari alilazimika kuisoma.

Tatizo lilikuwa mti wa chupa.

Ulisimama mahali hasa alipotaka tuta lianzie. Ulikuwa mwerezi mkavu, matawi yamekatwa yakabaki vishina, na kwenye kila kishina Bi Arzula alikuwa amevisha chupa ya buluu ya dawa ya tumbo, chupa ishirini na tatu. Huku kwetu hata mtoto anajua kazi yake. Jini linapita, linaona ile buluu, linaingia kutazama, linashindwa kutoka, na asubuhi jua linalichoma. Upepo ukivuma, chupa tupu hupiga filimbi. Chupa yenye kitu ndani inanguruma.

"Zitoe," Lurline akamwambia mumewe.

"Mama alikataza kabisa zisiguswe, mpenzi."

"Mama yako yuko makaburini, mimi niko hapa. Mabibi wanakuja kutazama bustani, wakute takataka za dawa ya tumbo juu ya mti uliokufa? Zitoe."

Cleophus akazitoa, kwa mikono yake mwenyewe, moja moja, akizilaza kwenye toroli kwa adabu kama mayai. Ilikuwa mwezi wa nne, na mvua ilikuwa imenyesha siku nane mfululizo bila jua kuonekana. Chupa ya mwisho, ya juu kabisa, akaipima mkononi.

"Hii nzito," akasema.

"Maji ya mvua hayo."

"Hakuna maji, mpenzi. Tazama."

"Cleophus, lete hiyo chupa."

Bi Mozell alikuwa barazani kwake, kakumbatia bakuli la njegere anazozimenya. Ana miaka themanini na moja, mdomo wake una tumbaku muda wote, na hajawahi kumheshimu mtu aliyekaa Chicago. "Cleophus Tate!" akaita. "Umemuuliza mtu kabla hujazigusa hizo?"

"Bi Mozell," Lurline akamkatiza kwa sauti ya karani, "hapa tunatengeneza bustani. Siyo jaa."

"Haya," Bi Mozell akasema, akatema tumbaku, akaendelea na njegere zake.

Mti ukakatwa. Lakini Lurline alikuwa na jicho la rangi, na buluu ile ikamwingia moyoni: buluu dhidi ya machungwa ya zinia! Akachukua zile chupa akazipanga kuwa ukingo wa tuta, kila moja kaipindua, shingo imezama udongoni, kitako juu kinang'aa. Ishirini na tatu, midomo yote chini. Aliona ni ubunifu wake. Hakuna mtu wa mtaa huu, hata mlevi, angefanya hivyo kwenye ua wa nyumba anayolala.

Basi kesho yake ndiyo akausikia ule msonyo.

Alikuwa amelichora tuta kwa mpira wa maji, akaulaza ukapinda alivyotaka, kisha akanyunyiza unga kufuata mpira. Asubuhi akakuta mstari wa unga umenyooka. Haukufutika, umenyooka, mweupe vilevile. Akadhani ni mbwa, kisha akadhani ni Bi Mozell, ingawa Bi Mozell hatembei bila chuma chake cha kuegemea. Akaupinda tena. Alipoinamia kona ya kwanza, msonyo ukatoka chini, karibu na goti lake, na hewa ikaja na harufu ya dawa ya zamani iliyochachuka pamoja na nywele zilizoungua.

Akanyoosha upande mmoja, kujaribu tu. Kimya. Akapinda kidogo. Msonyo.

Na yeye aliyetusonya mtaa mzima hakuweza kuvumilia kusonywa hata mara tatu. Siku hadi siku akawa anarekebisha. Alipanda yungiyungi, akasonywa, akang'oa. Akapanda waridi, akasonywa, akang'oa. Zinia zikapita. Ukingo wa kokoto ukasonywa, lakini kombe za baharini walizoleta kutoka pwani ya Ghuba ya Meksiko, alipozichomeka katikati ya chupa, zikapokelewa kwa kimya. Sahani za Bi Arzula, zile zenye maua ya waridi pembeni, alizivunja akavipanga vipande upande wa kichwani. Kimya. Tuta likapungua upana, likapungua urefu, likanyooka kila upande, na mwishoni mwa mwezi wa tano Lurline akarudi nyuma hatua kumi, mikono kiunoni, akatangaza kwamba huo ndio mtindo wa kisasa.

Zile zinia, kwa kweli, zilikua. Kufikia wiki ya pili ya mwezi wa sita zilimfika mtu kiunoni, rangi kali ya machungwa, na hakuna nyuki hata mmoja aliyezigusa.

"Umeona?" alimwambia mumewe wakiwa barazani. "Juzi Mzee Otha kapita, katazama tuta langu, kavua kofia. Na jana yule mke wa mchungaji katuletea keki, kaiacha mlangoni kimyakimya. Wameanza kustaarabika."

"Tuta lako zuri, mpenzi," Cleophus akasema. Sauti ilikuwa nyembamba. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati inamzunguka shingo bila kuigusa, na ile keki hakuionja. Sisi tuliokuwa tukipita tuliliona lile tuta mara moja tukajua ni kitu gani, tukavua kofia kama inavyotakiwa. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ametuambia sisi hatujui bustani, nasi tukamwachia ujuzi wake.

Siku mbili kabla ya mabibi, mchana wa joto kali, Lurline alimtafuta mumewe nyumba nzima. Akamkuta amelala chali katikati ya zinia, kichwa upande wa vipande vya sahani, mikono imekunjwa kifuani, macho wazi yanatazama jua.

"Cleophus! Unanivunjia maua!"

"Kuna ubaridi mzuri hapa, mpenzi."

Akamvuta kwa hasira, akamwongoza ndani, kisha akarudi kuhesabu hasara. Hakuna shina lililovunjika. Zote zilikuwa zimesimama wima kumzunguka pale alipokuwa amelala, zimempisha.

Siku iliyofuata akafunga mlango wa nyuma kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni mwa aproni. Saa sita alikuwa jikoni anakata bamia, dirisha liko mbele yake, tuta liko mbele ya dirisha, na mumewe alikuwa nyuma yake mezani, alimsikia akipumua, alimsikia akisogeza kikombe, na alipoinua macho kutoka kwenye kisu akamwona Cleophus amelala kule nje katikati ya maua, hali kikombe nyuma yake kikiendelea kusogezwa mezani, taratibu, huku na huku. Hakugeuka kutazama nani anakisogeza. Alitoka mbio, akapambana na ufunguo, akafika kwenye tuta akamshika mumewe mikono miwili akavuta, na Cleophus alikuwa mzito kama gunia la mchanga uliolowa, udongo umeshamfunika viganja na umeanza kumpanda shingoni, na chini yake, kisha pembeni yake, kisha kutoka kwenye kila chupa kati ya zile ishirini na tatu, moja baada ya nyingine kuzunguka tuta zima, ukapita msonyo, mrefu, usio na haraka, wa kitu kinachomtazama mwanamke akihangaika na kuona hata kuhangaika hajui.

Alipomtoa, udongo ukabaki na umbo lake. Halikujaa tena.

Lurline akavuka uzio bila viatu.

Bi Mozell alikuwa anatazama mchezo wa maswali kwenye televisheni. Hakuipunguza sauti. "Kaa," akasema. "Siyo hapo. Hapo anakaa paka."

Lurline akakaa kwenye stuli. Alijaribu kuongea kama karani, akashindwa, akanong'ona. "Bi Mozell, kuna kitu kwenye maua yangu. Kinataka kumchukua Cleophus."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Mtaa mzima unajua. Umewahi kufika makaburini nyuma ya kanisa?"

"Nilikuja kumzika mama mkwe."

"Ulikuja na viatu virefu, ukawa unatazama viatu visichafuke. Ungetazama makaburi ya wazee ungeona yamezungushiwa nini."

Pale kwenye stuli, televisheni ikipiga makofi, Lurline akayakumbuka. Makaburi yale yalizungushiwa chupa, shingo chini. Katikati ya chupa kulikuwa na kombe za baharini, na upande wa kichwani sahani ya marehemu, imevunjwa makusudi.

"Pima lile tuta lako," Bi Mozell akasema. "Kisha mpime mumeo. Umemchimbia kaburi mtu mzima, ukalipanda maua, ukaandika barua watu waje kulitazama."

"Sikujua!"

"Hukutaka kujua. Kuna tofauti." Akatema kwenye kopo. "Arzula alilinasa lile jini mwezi wa kwanza, kabla hajafa, na jua likawa dhaifu halikulimaliza. Linadharau kila kitu. Likiona kitu kinang'aa lazima liingie ndani likakitafutie kasoro, ndivyo linavyonaswa. Na ninyi mkalimwaga kwenye udongo. Sasa linamtaka yule aliyelishusha mtini."

"Mimi ndiye niliyeamuru. Kwa nini lisije kwangu?"

Bi Mozell akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Kwako? Likafanye nini kwako? Ninyi ni ndugu."

Lurline alilia. Bi Mozell akamwacha alie mpaka swali moja la televisheni likajibiwa, kisha akamweleza. Chupa zing'olewe jua likiwa katikati ya anga. Mti usimamishwe tena. Mkono uliozishusha ndio uzipandishe. Chumvi imwagwe kwenye kila tundu. "Na la mwisho, sikiliza vizuri, maana wewe huna tabia ya kusikiliza. Chupa ni mdomo. Jini likifukuzwa udongoni linatafuta mdomo wa kuingia, na halichagui kama ni wa kioo au wa nyama. Mimi na wewe tutauma meno. Yeye hana nguvu, kwa hiyo nitamfunga kitambaa mdomoni. Kisifunguliwe mpaka chupa ya mwisho iwe mtini. Hata akikohoa."

"Lini?"

"Kesho."

Lurline akafuta machozi. "Kesho saa sita mabibi wa Chama wanakuja. Haiwezekani keshokutwa, Bi Mozell?"

"Keshokutwa utapokea keki ya pili ya msiba."

Kesho yake tulikaa barazani kwetu wote, hatukuficha. Mzee Otha na wanaume wawili waliuchukua ule mwerezi kwenye rundo la kuni, wakausimika karibu na uzio, wakaondoka haraka. Cleophus alikalishwa kwenye kiti, kitambaa cheupe kimemfunga mdomo na kufundikwa kisogoni, macho yamezama. Bi Mozell akaegemea chuma chake kwenye kichwa cha tuta, ndoo ya chumvi imening'inia pembeni. Jua liliposimama juu, Lurline akaanza kung'oa.

Alizing'oa zinia kwa mikono miwili, zinia zake, miezi mitatu ya magoti yake, na zilitoka kwa shida na sauti ya kitambaa kinachochanwa, mizizi yake mirefu na myeupe na yenye baridi, na kila alipotupa fungu udongo ulisonya, akauma meno akaendelea, akang'oa chupa ya kwanza ikatoka na udongo unaonuka nywele zilizoungua, akampa mumewe, akamshika kwapa, akamwinulia mkono, Cleophus akaivisha kwenye tawi, na Bi Mozell akamwaga chumvi kwenye tundu, na tundu likatoa moshi mwembamba, kisha ya pili, kisha ya tatu, na kadiri tuta lilivyobaki na chupa chache ndivyo msonyo ulivyoacha kuwa msonyo ukawa mvumo, ukatetemesha vioo vya dirisha la jikoni, ukapanda miguuni mwetu hata sisi tuliokuwa ng'ambo ya barabara, mpaka mbwa wote wa Barabara ya Sanders wakaingia chini ya nyumba.

Chupa ishirini na mbili zilikuwa mtini magari yalipofika.

Walishuka mabibi tisa na kofia zao. Waliona bustani iliyochimbuliwa, maua yametupwa ovyo, bibi mzee anamwaga chumvi, na mwanamke mwenye udongo hadi viwikoni amemshika mwanamume aliyefungwa mdomo.

"Nadhani tumekosea nyumba," Bi Hathaway akasema.

"Mmekosea upande wa reli!" Bi Mozell akawapigia kelele bila kufungua meno, akawageukia wao, mgongo kwa Lurline.

Mmoja wa mabibi akamnong'oneza mwenzake, na Lurline akasikia. "Masikini, yule mzee kafanywa nini? Ndivyo wanavyoishi huku?"

Mtu mwingine angeyaacha yapite. Mumewe alikuwa mkononi mwake, chupa moja tu imebaki, nusu dakika ya kazi. Lakini Lurline aliona jozi tisa za macho zikimkagua kama alivyotukagua sisi, akakiona kile kitambaa kama walivyokiona wao, na aibu ikampanda ikamshinda. Akakishusha kitambaa hadi shingoni mwa mumewe, haraka, kama mtu anayemfuta mtoto pua wageni wanapoingia, akatabasamu kuelekea getini.

Cleophus akaona machozi kwenye tabasamu lile. Akafungua mdomo.

"Usijali, mpenzi," akasema. "Bado ni bustani nzuri."

Mvumo ukakatika.

Lurline akakirudisha kitambaa. Akamwinua mkono, chupa ya mwisho ikavishwa juu kabisa. Bi Mozell alipogeuka alikuta kila kitu mahali pake, mti umejaa, mabibi wanaingia magarini. Akasikiliza. Kimya kila mahali.

"Limeingia," akasema. "Upepo ukija utasikia chupa moja inanguruma. Usiiguse. Jua litamaliza kazi." Kisha akamtazama Lurline. "Kitambaa hakikufunguliwa?"

"Hapana," Lurline akasema.

Upepo haukuja siku sita. Lakini Cleophus alipona, na hilo mtaa wote tuliliona. Alikula. Rangi ikamrudi, kola ikamjaa shingo, akasimama wima. Hakuimba, na alizungumza kidogo, Lurline akasema ni uchovu. Mkewe alikuwa amebadilika kabisa. Aliomba mbegu kwa Mzee Otha. Alipanda petunia kwenye tairi, tairi la gari, akalipaka rangi nyeupe mwenyewe, na jioni moja akamwita mumewe aje aone. Cleophus akatoka, akalitazama, akarudi ndani bila neno.

Jumapili, baada ya ibada, akampikia vyote anavyovipenda: kuku wa kukaanga, kunde, bamia, mkate wa mahindi. Mkate uliungua kidogo chini, kama kawaida yake. Akamwekea sahani mbele, na wakati huo mawingu ya radi yakawa yanajikusanya, pazia la jikoni likanyanyuka, na upepo wa kwanza wa wiki nzima ukapita uani.

Lurline akasimama na kitambaa cha sahani mkononi, anasikiliza. Chupa ya chini ikapiga filimbi. Ya pili ikapiga. Upepo ukaongezeka, ukapanda mti wote, tawi kwa tawi, na chupa zikaitika zote, juu hadi chini, filimbi safi, nyembamba, nzuri hata. Alisubiri moja ingurume. Aliomba Mungu moja ingurume. Zote ishirini na tatu zilikuwa tupu.

Nyuma yake uma uliwekwa mezani.

Hakutaka kugeuka, akageuka. Cleophus alikuwa ameukata mkate wa mahindi, kipande kimoja kimo mdomoni, anakitafuna polepole. Akamtazama mkewe kuanzia utosini, akashuka kwenye aproni, akashuka hadi kwenye ndara zake, akarudi juu. Kisha akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, na akasonya.